Starehe Isiyo na Faida

Wahenga walisema kuwa kazi mbaya si mchezo mwema. Maana ya methali hii ni kwamba kazi, hata ikiwa duni, ina tunda lake. Na mchezo, hata ukiwa bora, hauna tunda. Aliyelima shamba baya huvuna kidogo; aliyecheza vizuri hurudi nyumbani mikono mitupu. Hukumu hii imekaa katika lugha kwa muda mrefu, na watu wengi wameipokea kama sheria isiyohitaji ushahidi. Walakini methali si sheria. Ni shauri, na kila shauri laweza kuulizwa swali. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuitumia siku yake kwa jambo lisilomletea faida yoyote ila furaha? Na kama haki hiyo anayo, ina mipaka gani?

Swali la namna hii halijibiwi vizuri likiachwa hewani. Hupata uzito likitiwa katika mfano mmoja ambao kila mtu aweza kuutazama na kuupima. Mfano unaofaa ni mdogo, tena kwa sura yake hauna hatia: matembezi ya baisikeli ya mwisho wa juma, katika majira ya majani kupukutika, kama yafanywavyo Uingereza ya kusini.

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Novemba, watu wengi wa London huamka mapema siku ya Jumamosi au Jumapili, hujaza matairi upepo, hutia chai katika chupa, na kushika njia ya kusini kuelekea vilima vya Surrey. Hawaendi sokoni wala kazini. Hawana mgonjwa wa kumjulia hali, wala barua ya kupeleka. Wafikapo karibu na mji wa Dorking huupanda mlima wa Box Hill kwa barabara ya mapindi yenye urefu wa kilomita 2.5 hivi, barabara ile ile iliyotumiwa katika mashindano ya Olimpiki ya mwaka 2012. Juu yake hutazama bonde, hunywa chai, huzungumza kidogo, kisha huteremka na kurudi walikotoka. Mahali walipoanzia ndipo wanapoishia. Kwa hesabu ya mfanyabiashara safari hii ni hasara tupu: jasho limetoka, mipira imelika, siku imekwisha, na hakuna hata senti moja iliyoingia.

Mwenye methali mkononi atasema kuwa huu ndio mchezo waliouonya wahenga, kwa kuwa mtu mwenye nguvu za kupanda mlima ana nguvu za kufanya kazi. Jibu la kwanza aghalabu huazimwa kwa waganga: baisikeli huimarisha moyo, hupunguza unene, humpa mtu usingizi. Jibu hili ni kweli, lakini halilijibu swali. Huigeuza starehe kuwa dawa, na dawa ni kazi iliyovaa nguo nyingine. Apandaye mlima kwa ajili ya moyo wake bado yumo katika biashara. Ananunua miaka kwa jasho. Tena mtetezi wa namna hii amekwisha kulikubali dai la mshitaki, yaani kwamba lisilo na faida halifai. Kama starehe ina haki, haki hiyo lazima ipatikane ndani ya starehe yenyewe.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alilipindua swali. Alifundisha kuwa watu hushughulika ili wapate nafasi, kama vile wapiganavyo vita ili wapate amani. Kwa maoni yake kazi ndiyo inayotakiwa kutoa udhuru, si nafasi. Maana kazi ni njia, na njia haiwezi kuwa bora kuliko mahali inapofikisha. Wayunani waliiita nafasi hiyo scholē. Neno hilo lilipita katika Kilatini likawa schola, likaingia katika Kijerumani likawa Schule, na watu wa bara walipolipokea zamani za Wadachi wakasema shule. Unguja husema skuli kwa njia ya Kiingereza, lakini shina ni moja. Basi kila mtoto aendaye shule asubuhi hutaja, pasipo kujua, neno lililokuwa na maana ya nafasi: wakati ambao mtu hautumii kwa amri ya mwingine wala kwa haja ya tumbo. Elimu yenyewe ilizaliwa katika wakati usio na faida. Mwanachuoni anayemcheka mwendesha baisikeli kwa kupoteza siku na akumbuke kwamba mbele ya mfanyabiashara wote wawili ni ndugu.

Mwanafalsafa huyo huyo alisema pia kwamba furaha si kitu kinachokaa peke yake. Hulikamilisha tendo zuri, kama ubichi wa ujana unavyoukamilisha mwili wenye afya. Anayeikimbilia furaha yenyewe huikosa. Anayefanya tendo kwa moyo wote huikuta imekuja. Baisikeli ni ushahidi mwema wa neno hili. Garimoshi humbeba abiria amelala, na motokaa humwinua mlimani pasipo yeye kujua kama kuna mlima. Baisikeli haimpi mtu kitu asichokitoa. Kila pindi la barabara hudai pumzi yake, na mteremko haupatikani ila kwa kupandiwa. Baada ya dhiki faraja, wasema Waswahili. Na hapa faraja na dhiki vimefungwa kwa mnyororo mmoja, pedeli kwa gurudumu. Mwendo wake nao ni mwendo wa jicho la mwanadamu. Una wepesi wa kuonyesha vijiji vitano kabla ya adhuhuri, na upole wa kuruhusu kuonekana kwa jani moja linaloanguka.

Lakini kwa nini majira hayo, wala si kiangazi chenye jua? Hapa ipo tofauti ambayo msomaji wa Afrika ya Mashariki hana budi kuifikiri kwa makini, maana lugha yenyewe yaweza kumpoteza. Wafasiri wengine huyaita majira hayo ya Ulaya kwa jina la vuli, kwa kuwa miezi yake karibu ni ile ile. Walakini vuli ya pwani ni mvua. Ni wakati wa mbegu kuingia ardhini na majani kuchipua. Vuli ya Uingereza ni wakati wa majani kuiaga miti. Jina moja huita watu wawili, mmoja akija na mwingine akienda. Zaidi ya hayo, Dar es Salaam tofauti baina ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haifiki saa moja. London mchana wa Juni hupita saa 16, na ule wa Desemba haufiki saa 8. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na tangu siku hiyo jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwendesha baisikeli wa huko huhesabu mwanga kama msafiri wa jangwani ahesabuvyo maji.

Rangi za majani zina fundisho lake. Siku zinapofupika na baridi kuanza, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani iitwayo klorofili, na ile iliyokuwapo huvunjika. Hapo rangi ya manjano huonekana. Haikuja siku hiyo. Ilikuwamo ndani ya jani muda wote, imefunikwa na kijani, wakati jani lilipokuwa katika kazi ya kuulisha mti. Katika baadhi ya miti rangi nyekundu hutengenezwa upya, lakini manjano ya miti mingi ni kitu cha zamani kilichopata nafasi ya kuonekana. Mtu naye yumkini ni hivyo. Siku sita hufunikwa na kazi yake, akaitwa karani, mwashi, mwalimu au daktari. Siku ya saba kazi hupungua, na rangi yake mwenyewe hutokea. Na kwa sababu ajua kuwa wiki chache zijazo njia itashikwa na barafu na giza, haiahirishi furaha yake. Mla ni mla leo. Starehe inayojua mwisho wake haina uvivu ndani yake.

Hata hapa utetezi waonekana umeshinda. Lakini mwenye haki hana budi kuuliza tena: nafasi hiyo ilitoka wapi, na nani aliilipia?

Sehemu moja ya jibu ni ya heshima. Wafanyakazi wa Uingereza hawakupewa Jumamosi kwa hisani. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliamuru wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waachiwe saa nane mchana siku ya Jumamosi, na nusu-siku hiyo ikaenea polepole kwa watu wengine baada ya miaka mingi ya madai. Watumishi wa maduka hawakuhakikishiwa nusu-siku yao kwa sheria ya nchi nzima hata mwaka 1911. Wakati huo huo chombo kilikuwa kinatengenezwa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baisikeli ya magurudumu mawili yaliyolingana, yenye mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma, ambayo ndiyo mama wa baisikeli za leo. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, alitengeneza tairi la mpira lenye upepo kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Chombo kilichokuwa kikivunja mifupa kikawa laini. Bei iliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1890, karani na mtumishi wa duka walipata kitu ambacho babu zao hawakuwa nacho: uwezo wa kuuacha mji kwa nguvu zao wenyewe. Wanawake nao wakapanda, na Susan B. Anthony wa Marekani alisema mwaka 1896 kwamba baisikeli imewakomboa wanawake kuliko kitu kingine chochote duniani.

Sehemu ya pili ya jibu si ya heshima. Tairi la Dunlop lilitaka mpira, na katika miaka hiyo mpira ulitoka msituni. Mwingi ulitoka Amazon. Sehemu nyingine ilitoka Kongo, nchi ambayo tangu 1885 ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Huko mpira ulikamuliwa katika mitambazi ya porini. Vijiji viliwekewa kiasi cha kuleta. Wake wa wanaume walishikwa rehani mpaka kiasi kitimie. Na askari waliotakiwa kuonyesha kuwa hawakupoteza risasi walileta mikono ya watu iliyokatwa. Watu wasiohesabika walikufa kwa risasi, njaa na maradhi. Karani wa London aliyeteleza juu ya majani makavu mwaka 1896, akishangaa upole wa tairi lake, yawezekana alikuwa ameketi juu ya kilio. Aliliona jani lililo hatua kumi mbele yake. Mpira uliokuwa chini yake hakuuona.

Methali nyingine husema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Ni ahadi njema kwa mtu anayefanya kazi. Lakini methali imenyamaza juu ya jambo moja, nalo ni kwamba anayechuma na anayekula si lazima wawe mtu mmoja. Kongo walichuma juani wengine, na kivulini wakala wengine. Aristotle mwenyewe hakuliepuka tatizo hili. Ila alilijibu vibaya. Alikubali kuwa watumwa wafanye kazi ili waungwana wapate nafasi, na akaona kuwa baadhi ya watu wameumbwa kwa utumwa. Basi neno scholē, lililo shina la shule, lilikuwa na kivuli chake tangu mwanzo.

Mtu akiisha kuyajua haya anaweza kushika mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni kuiacha starehe kabisa. Njia hii ina usafi, lakini usafi wake ni wa mwenyewe. Mkono uliokatwa haurudi kwa sababu karani ameiweka baisikeli ukutani, na njia ya vilima huachiwa wale wasiouliza kitu. Ya pili ni kufumba macho na kusema kuwa mnunuzi hana habari na asili ya kitu alichonunua. Njia hii ndiyo iliyozoeleka, na udhaifu wake ni dhahiri: anayejua kuwa hajui, tena hataki kujua, hana tofauti kubwa na anayejua. Ya tatu ni kufurahi na kuuliza pamoja, na kutouacha ulizo mpaka umezaa tendo.

Njia ya tatu si ndoto. Mwishoni mwa karne ya 19, E. D. Morel alikuwa karani katika kampuni ya meli ya Liverpool, na kazi yake ilimpeleka mara kwa mara Antwerp. Aliona katika hesabu kwamba meli zilitoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zilirudi huko na bunduki na risasi, wala si bidhaa za kubadilishana. Hakuhitaji kufika Kongo ili aelewe. Kitabu cha hesabu kilimwambia kuwa mali ile hailipwi. Alisema, hakusikilizwa, akaiacha kazi. Mwaka 1904 ilichapishwa taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, aliyekuwa amekwenda mwenyewe kuwauliza wenyeji, na mwaka huo huo chama cha kudai matengenezo ya Kongo kikaundwa. Mwaka 1908 mfalme alinyang'anywa nchi ile, ikawa koloni la dola ya Ubelgiji. Haukuwa uhuru, na kazi za shuruti hazikwisha. Lakini maovu yaliyokuwa siri yalipata jina, na anayeyatenda alijua kuwa anatazamwa. Karani mmoja aliyezoea kutazama mistari ya hesabu alifanya lile ambalo makarani elfu waliozoea kutazama mandhari hawakulifanya.

Wala jambo hili si la kale tu. Leo baisikeli nyingi zipandazo vilima vya Ulaya husaidiwa na umeme, na betri za baadhi yake zina koboti ndani. Zaidi ya nusu ya koboti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Mwaka 1916 mpira wa Kongo ungaliweza kusahauliwa, kwa kuwa mashamba ya Malaya yalikuwa yameushinda. Lakini mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya watoto wanaochimba koboti kwa mikono. Majani ni yale yale, vilima ni vile vile, na swali limerudi kwa jina jingine. Safari hii wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuyasikia maneno ya mchimbaji pasipo mkalimani.

Upo upande mwingine wa swali ulio karibu zaidi. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki baisikeli si mchezo. Ni punda asiyekula. Hubeba gunia la mkaa, mikungu ya ndizi, madumu ya maji, na mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Boda boda yenyewe ilianza kwa baisikeli za kuvusha abiria mpakani Busia, katika miaka ya 1960. Kwa mtu anayesukuma mkaa mlimani tangu alfajiri, habari ya mwingine anayepanda mlima pasipo mzigo kwa kupenda kwake yaweza kusikika kama dhihaka. Baadhi ya watu hutoka hapo wakasema kuwa starehe ni anasa ya nchi tajiri na haiwahusu maskini. Neno hili lina sura ya huruma, lakini ndani yake mna dharau, kwa kuwa linamhesabu mbeba mkaa kuwa mikono na miguu tu. Yeye naye ana rangi yake iliyofunikwa na kazi. Dhuluma aliyofanyiwa si kwamba mtu mwingine ana Jumapili. Ni kwamba yeye amenyimwa ya kwake. Kitu chema kilichowafikia wachache kinatakiwa kipanuliwe, wala si kiondolewe, kama vile hakuna anayefunga shule kwa sababu mtoto mmoja amekosa ada.

Kipimo hicho huingia hata ndani ya nyumba. Baba aondokaye alfajiri kila Jumapili, akarudi jioni amefurahi na njaa imemshika, amepata nafasi kwa sababu mtu mwingine amewaogesha watoto na kupika. Kama mtu huyo hana Jumapili yake, basi starehe ya baba ina Kongo yake ndogo jikoni. Hakuna haja ya kumkataza asiende. Inatosha kwamba juma lifuatalo baisikeli iwe ya mama, na jiko liwe la baba.

Basi hukumu yaweza kutolewa. Methali ya wahenga ni kweli kwa mtu ambaye hajashiba. Wala haikuwekwa imfunge aliyekwisha kufanya kazi yake. Starehe isiyo na faida ina haki, na haki hiyo haiazimwi kwa afya wala kwa mapato. Ni haki ya kiumbe ambaye kazi haikumfanya, bali yeye ameifanya kazi. Lakini haki hiyo ina sharti moja, nalo ni gumu kuliko mlima: starehe iwe tayari kuulizwa imetoka wapi, na mwenye starehe awe tayari kulipa deni lake jibu likitoka baya. Anayeogopa swali hilo ajue kuwa furaha yake imekwisha kuingia shaka. Anayelipokea aweza kupanda kilima chake mwezi wa Oktoba na kuyatazama majani yakianguka. Na Jumatatu ikifika, alitazame tairi kwa jicho lile lile alilolitazamia jani.